Niliziba Matundu ya Betri kwa Nta

Nyie vijana mnaofunga sola na kupima betri kwa kimashine chenye namba, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Nimeacha kazi mwezi uliopita kwa sababu mikono inatetemeka, kichwa kipo. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na mwandiko wangu umebaki darasa la tatu, kwa hiyo someni taratibu. Mishahara na vyeo sitaandika. Cheo nilikuwa nacho kimoja, fundi chaji, na nilijipa mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mrina asali, wa kabila la Wakonongo, watu wa mizinga tangu babu zao. Na mimi ningekuwa mrina asali kama nyuki wasingenichukia. Nilikuja Mpanda mjini nikiwa na uvimbe usoni na nta mfukoni, nikapata kazi ya kubeba betri kwenye karakana moja karibu na stesheni. Kilikuwa chumba cha matofali, bati juu, dirisha moja, na meza ya mninga iliyoliwa na asidi mpaka ikafanana na chapati iliyoungua.

Siku ya kwanza bosi alinifundisha maneno sita: kwanza zima swichi, halafu kamata klipu. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu nimesema," akanijibu. "Unataka kazi au unataka hadithi?"

Nilitaka kazi. Nikafuata amri ile miaka mingi bila kujua inazuia nini. Mtu anaweza kuwa fundi mzuri kwa namna hiyo, mpaka siku moja.

Vifaa vilikuwa vichache. Chaja moja, boksi la chuma lenye uzito wa mbuzi, na nyaya mbili zenye klipu za kubana vichwa vya betri. Haidromita, kile kioo chenye boya ndani: unanyonya asidi, boya likielea juu betri imejaa, likizama betri ina njaa. Ndoo ya magadi ya kumwagia asidi ikidondoka mezani. Mashati ya kazi sikuwa na hata moja lisilo na matundu. Mke wangu alikuwa akisema amepata mume anayepitisha upepo. Wasukuma walileta betri za redio zao kwa baiskeli kutoka kwenye maboma ya ng'ombe. Wenye mashine za kusaga walileta zao. Malori ya tumbaku yalileta zile kubwa, za kubebwa na watu wawili.

Betri mnazoletewa siku hizi nyingi zimezibwa kabisa. Zetu zilikuwa na vyumba sita, kila chumba na kifuniko chake cha kufungua kwa mkono, na kila kifuniko kina katundu kadogo, njiti ya kiberiti inapita. Betri ikikaribia kujaa, ndani yake mapovu yanapanda, yanasikika kama mtu anayenong'ona kanisani. Na maji yanapungua. Unaongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi wala kutu. Ya kwetu yalikuwa yanakuja na treni kutoka Tabora, kwenye madumu.

Mimi nilijua maji yanakwenda wapi. Yanachemka, yanakuwa mvuke, yanatokea kwenye katundu. Hakuna aliyeniambia, nililijua mwenyewe kwa macho yangu, na nilijivunia.

Katikati ya miaka ya tisini bosi akaniletea mwenzangu, Hezroni. Alikuwa mtu wa Katumba, makazi ya Warundi. Aliletwa huko akiwa mtoto wa kushikwa mkono, akakulia huko, akasoma sekondari mpaka kidato cha nne, akaoa, akazaa, na mjini bado walimwita mkimbizi. Hata mimi. Alikuwa mlokole kwelikweli. Pombe hagusi, sigara hagusi, anaimba tenzi huku anasugua kutu kwenye vichwa vya betri. Kwao alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli, na kabla ya kufanya chochote anafungua dirisha. Mimi nalifunga, vumbi linaingia. Yeye anafungua.

Wiki ya kwanza tu akaanza.

"Baba Tatu, haya maji hayachemki."

"Na haya mapovu ni ya nini, ya sabuni?"

"Gusa betri."

Nikagusa. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama uji uliosahauliwa.

"Maji yanayochemka ungeyashika hivyo?"

"Mwalimu," nikamwambia, maana nilimpa jina hilo kwa kumkejeli, "mimi nachaji betri tangu wewe unajifunza kufunga kamba za viatu."

"Viatu sikuwa navyo," akasema, akacheka. Hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

Akanieleza, akiwa anafuta mikono. Maji ni vitu viwili vilivyoshikana. Umeme wa chaja ukipita ndani yake unavitenganisha, na kila kimoja kinatoka kama hewa. Kimoja ni oksijeni, hii tunayovuta. Kingine ni hidrojeni, na hiyo inawaka. Zikijikusanya pamoja zikakutana na cheche, haziwaki tu, zinalipuka. Akasema hata maji yaliyotulia kikombeni, kidogo sana yanajigawa yenyewe vipande vyenye umeme, kisha yanarudiana, ila hatuoni. Matundu ya vifuniko yamewekwa ili hizo hewa zitoke. Na dirisha ni kwa ajili hiyo hiyo.

"Maji yawake moto?" nikauliza.

"Siyo maji. Kilichotoka kwenye maji."

"Basi nyumba yangu ikishika moto, nitaizima kwa mafuta ya taa."

Waliokuwa wanasubiri betri zao wakacheka, na mimi nikafurahi. Kesho yake akaja na gilasi, vichupa viwili vya dawa ya sindano, na zile nondo nyeusi za kaboni zinazokaa katikati ya betri za tochi. Akaeleza kila hatua, akasema dakika kumi tu, nitaona kwa macho yangu. Nikamwambia michezo ya shule akaifanyie shuleni. Akavifunga kwenye gazeti, akaviweka kwenye rafu, akaendelea na kazi. Vilikaa pale muda mrefu.

Sasa sikilizeni vizuri.

Mvua za mwaka mmoja zilizidi. Reli ilikatika huko njiani, treni haikuja, na madumu ya maji ya betri yakabaki mawili, halafu nusu. Bosi alikataza maji ya kisima, yana kutu yanaua betri. Hezroni akasema mvua inanyesha bure, tuweke beseni safi la plastiki katikati ya uwanja, mbali na bati, tukinge. Lilikuwa wazo zuri. Leo nawaambia fanyeni hivyo mkikwama. Lakini lilitoka kwake, na mimi nikasema maji ya betri yanatoka Tabora, hayatoki mawinguni.

Asubuhi moja bosi akaniambia betri ya lori la tumbaku lazima ijae siku hiyo, na nihakikishe maji hayapotei, maana ya kuongeza hakuna. Hezroni alikuwa amechelewa, tope lilikuwa limeshika barabara ya Katumba. Nikakaa nikiitazama ile betri. Nikawaza kama mwana wa mrina asali. Nyumbani kwetu kitu usichotaka kipotee unakiziba kwa nta, iwe mtungi wa asali, iwe ufa wa mzinga. Mvuke ukikosa pa kutokea utarudi kuwa maji. Nikajiona nina akili kuliko waliotengeneza betri.

Nilikuwa na kipande cha nta. Nikachukua kiberiti nilichotoka nacho nyumbani, cha kuwashia kibatari, nikailainisha, nikaziba matundu yote sita, moja moja, nikabonyeza kwa kidole gumba mpaka ikang'aa. Nikawasha chaja. Nikafunga dirisha.

Hezroni aliingia saa nne, tope mpaka magotini. Sikumpa nafasi hata ya kufungua dirisha.

"Mwalimu, njoo uone. Imechajiwa tangu asubuhi, maji hayajatoka hata tone."

Akaja akiwa anatabasamu, akainama juu ya betri kutazama vifuniko. Tabasamu likaondoka. Mbavu za betri zilikuwa zimevimba kidogo, hewa inapenya pembeni ya nta, mimi sikuwa nimeona.

"Hii ni nini? Umeziba?"

"Nta."

"Zima swichi," akasema, taratibu sana. "Baba Tatu, zima swichi."

Swichi ilikuwa ukutani, hatua tatu. Klipu ilikuwa karibu na mkono wangu. Miaka yote ile sikuwahi kukosea, siku hiyo nikashika klipu nikaivuta, chaja ikiwa inaunguruma. Nikaona cheche ya buluu, ndogo kama mdudu. Sikumbuki sauti. Nakumbuka nimekaa chini, masikio yanalia, mikono inaunguza, na Hezroni amesimama palepale na viganja usoni, hapigi kelele, anasema tu, "Maji. Maji. Maji."

Nilimmwagia vikopo viwili, nikaona damu, nikaingiwa na hofu, nikamkokota mpaka kwenye gari la bosi. Hospitali muuguzi aliniuliza nilimsafisha macho kwa muda gani. Nikamwambia. Akachukua maji, akaanza kumsafisha upya. Kwa hiyo andikeni ukutani: asidi ikiingia machoni, maji mengi safi, bila kusimama, muda wa kuchosha mkono, halafu ndiyo hospitali, na njiani endeleeni kumwaga. Dumu liwe mlangoni, limejaa, siku zote. Hezroni hakuona tena.

Jioni ile bosi alikagua chumba. Betri ilikuwa vipande, nta yote imerushwa na kuyeyuka, haikuonekana. Kilichoonekana ni kiberiti, chini ya meza.

"Hiki cha nani?"

Nikanyamaza.

"Wewe huvuti sigara."

"Sivuti," nikasema. Ilikuwa kweli, mimi ni mtu wa ugoro, mji mzima ulijua.

"Basi mlokole wetu alikuwa anavuta kwa siri," bosi akasema. Akatikisa kichwa, akakiweka kiberiti mfukoni.

Ningeweza kusema neno moja. Nilitazama sakafu.

Habari ilifika Katumba kabla ya Hezroni. Kwao mtu aliyeokoka akikutwa na sigara anawekwa chini ya nidhamu: hashiriki meza ya Bwana, haimbi, anakaa benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya watu. Yeye akasema hana cha kutubu. Akawaambia wazee wa kanisa kwamba hakuna aliyevuta sigara, ni maji yaliyovunjika yakawa hewa, hewa ikafungiwa, ikalipuka. Wakamwambia maji yanazima moto, hata mtoto anajua. Wakaona amekosa, na juu ya kosa ameongeza uongo. Mwimbishaji wa kwaya akakaa nyuma, kipofu, anasikiliza wengine wakikosea sauti.

Mimi nilikuwa nachaji betri. Peke yangu tena.

Miezi ikapita, mvua zikaisha, treni ikarudi. Siku moja mkewe, Mama Yeremia, akaja karakana kwa miguu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Karibu ndani, mama."

"Nimeshakaribia. Sikuja kuomba kitu. Nimekuja kuuliza neno moja. Mume wangu alikuwa na sigara?"

Nikajifanya natafuta spana.

"Nimefua nguo zake miaka tisa," akasema. "Ningesikia harufu. Wazee wanasema moshi umempotezea akili, anaongea habari za maji kuvunjika. Wewe ulikuwepo. Maji yanavunjika au hayavunjiki?"

"Mama Yeremia, hayo ni mambo ya kitaalamu. Mimi sikusoma."

Maisha yangu yote nimetembea kifua mbele kwa sababu sikusoma na bado nikawashinda waliosoma. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilijificha nyuma ya huko kutosoma. Yeye akaniangalia mikono, makovu ya asidi bado mekundu.

"Haya," akasema. "Wewe hukusoma. Yeye haoni. Na mimi nimuulize nani?"

Akaondoka.

Nikashusha lile gazeti kwenye rafu. Gilasi, vichupa viwili, nondo mbili za kaboni. Niliyakumbuka maelezo ya Hezroni nusu tu, nusu nyingine nilikuwa nayadhihaki. Nikaweka maji ya betri, safi kabisa, nikaunganisha nyaya kwenye betri nzima, nikangoja. Hakuna kitu. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Nikafurahi, nikasema si mnaona, alikuwa muongo. Halafu nikakumbuka alivyosema: maji safi yanapitisha umeme kwa shida, yatilie magadi kidogo, ndiyo yatakayoubeba. Nikatia chembe za magadi kutoka kwenye ndoo.

Mapovu yakaanza saa hiyohiyo. Juu ya kila nondo nilikuwa nimeinamisha kichupa kilichojaa maji. Hewa ikapanda, maji yakashuka. Maji yalikuwa ya baridi. Upande wa hasi ulijaa karibu mara mbili ya upande wa chanya. Nikakiinua kile kilichojaa zaidi, mdomo chini, nikapeleka njiti ya moto. Kikabweka. Sauti ndogo, kama mbwa mchanga. Nikakitazama kwa ndani, kioo chake kilikuwa na umande. Hewa ilikuwa imerudi kuwa maji.

Nikakaa kwenye benchi. Dakika kumi alizoniomba zilikuwa zimetosha.

Nilimwambia bosi kwanza. Akasema, "Ningekufukuza, nani angechaji?" Sikujua kama alimaanisha alijua tangu mwanzo. Sikuuliza. Nikabaki kazini, na hilo nalo ni la kubeba.

Jumapili iliyofuata nilifunga betri nyuma ya baiskeli nikaenda Katumba. Ibada ilipoisha wazee wa kanisa walibaki, watu wengi wakabaki pia, kwa udadisi. Hezroni alikuwa benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, na mkewe pembeni. Nikapanga vitu vyangu juu ya meza. Nikasema jina langu. Mchungaji alikuwa akitafsiri kwa Kirundi kwa ajili ya wazee sana.

Mzee mmoja akauliza, "Umeleta mazingaombwe kanisani?"

"Nimeleta maji, mzee. Ya kisima chenu wenyewe. Magadi nimetoka nayo nyumbani."

Nikawaacha watazame mapovu. Nikawapa wachovye vidole, waone hayana joto. Kisha nikakiinua kichupa, nikapitisha njiti. Kilipobweka, watoto walicheka na wazee wawili wakarudi nyuma.

Mzee yule hakucheka. "Sawa, tumeona. Na kiberiti kilichookotwa?"

"Changu. Nilikuwa nayeyusha nta. Matundu niliziba mimi. Dirisha nilifunga mimi. Aliniambia zima swichi, nikavuta klipu. Yeye hakukosea kitu chochote, isipokuwa kuinama kutazama upumbavu wangu. Bosi aliponiuliza nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Mchungaji alichelewa kutafsiri. Alipomaliza, Hezroni akaongea kutoka nyuma, sauti yake ileile ya karakana.

"Upande upi umejaa zaidi?"

"Wa hasi," nikamjibu.

"Kwa kiasi gani?"

"Karibu mara mbili."

"Sawa," akasema.

Wazee walishauriana palepale, hawakuchukua muda. Wakamwondolea nidhamu. Mchungaji akamwomba msamaha mbele ya watu, akamwita arudi mbele na kwaya. Mama Yeremia akamshika mkono, wakatembea katikati ya mabenchi, yeye akihesabu hatua kwa mdomo.

Nilimsubiri nje, nikifunga betri kwenye baiskeli. Akaja akishikwa na mkewe.

"Umeeleza vizuri, Baba Tatu. Mimi nilieleza miezi yote hawakunielewa."

"Nisamehe, Hezroni."

"Nimekusamehe zamani. Nimeamriwa." Alikuwa ameelekeza uso pembeni yangu kidogo, siyo kwangu hasa. "Lakini nyumbani kwangu usije. Nikisikia sauti yako nauona mkono unakwenda kwenye klipu. Ndicho kitu cha mwisho nilichoona."

Mama Yeremia akamshika mkono. Akamgeuza taratibu, wakaondoka.

Sikwenda. Betri za Katumba ziliendelea kuja kwa baiskeli, na kila aliyeleta nilimuuliza kama Hezroni yupo, akanijibu yupo. Mwaka mmoja kijana wa huko alipoulizwa akasema, ah, yule wameshamzika, wiki mbili zimepita. Halafu akaniuliza betri yake itakuwa tayari saa ngapi. Nikamwambia saa kumi.